Shingo Upande

Babu yangu alikuwa na kola tatu, na zote alizikata mwenyewe kutoka kwenye dumu jeupe la plastiki. Alichukua mkasi wa bibi, akapima shingo yake kwa uzi, akakata utepe mrefu, kisha akasugua kingo zake kwenye jiwe mpaka zisimkwaruze. Jumapili asubuhi pale Buigiri, kabla kengele ya pili haijalia, aliniita nimfungie kishikizo cha nyuma, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Nilikuwa darasa la tatu. Nikimaliza, aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, kama ndama anayejaribu kamba mpya, kisha akasema sentensi ileile ya kila Jumapili: "Haya, kongwa limekaa."

Kwa miaka mingi niliamini anaitaja wilaya ya jirani. Ukitoka Buigiri kuelekea Morogoro, ukafika njia panda ya Mbande, unaiacha barabara kuu na kuifuata ile ya Kongwa. Shuleni tuliijua Kongwa kwa mambo mawili: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika iliyofunguliwa 1964. Nilidhani ni utani wa wazee, kwamba shingo yake imekauka kama mashamba ya karanga.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilipofungua kamusi kutafuta neno jingine kabisa, jicho likaangukia pale. Kongwa: mti wenye panda anaofungwa mtumwa shingoni.

Neno kufanana na jina la mji si ushahidi wa chochote. Majina ya mahali kwetu yana asili zake, na babu hakuwa akizungumzia mji. Nilimpigia simu usiku uleule.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Usiku huu kuna usalama?"

"Usalama upo. Nauliza tu, kongwa ni nini?"

Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Njoo nyumbani. Hayo si ya kwenye simu."

*

Kabla ya kwenda nilisoma. Ndiyo tabia niliyotoka nayo chuoni: ukiogopa jibu la mzee, jifiche kwanza kwenye vitabu.

Kongwa lilikuwa rahisi kutengeneza. Lilikatwa porini palepale: mti mnene wa urefu wa karibu mita mbili, wenye panda upande mmoja. Shingo iliingizwa kwenye panda, chuma kikapitishwa mbele ya koo, kikakazwa ncha zote mbili. Ncha ya pili ya mti ilishikwa na mlinzi au ilifungwa kwenye kongwa la mwenzake, wakatembea wawiliwawili. Aliyelivaa hakuweza kukimbia, kwa kuwa mti ungenasa kwenye vichaka. Hata kulala vizuri hakuweza.

Halikuwa na kufuli wala ufunguo. Kulivua kulihitaji mtu mwingine mwenye chombo. Julai 1861, katika nyanda za juu za mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi, David Livingstone na wenzake walikutana na msafara wa watumwa katika kijiji cha Mbame. Walinzi walikimbia. Wanawake na watoto walikuwa wamefungwa kamba, na kamba zile zilikatwa kwa visu haraka. Wanaume walikuwa kwenye makongwa, na visu havikufua dafu. Bahati nzuri Askofu Charles Mackenzie alikuwa na msumeno kwenye mizigo yake. Wakakatwa mmoja baada ya mwingine, askofu akiwa amesafiri na msumeno bila kujua kwamba ndio ungekuwa mahubiri yake ya kwanza. Siku hiyo walifunguliwa watu 84.

Nilirudia kusoma habari ile mara tatu kwa sababu ya jambo dogo: wanawake na watoto kamba, wanaume kongwa. Nililikariri bila kujua kwamba litanitesa.

Kuhusu Ugogo, vitabu vilinirekebisha. Njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka pori lisilo na maji lililoitwa Marenga Mkali, ikaingia Ugogo kusini mwa Buigiri, upande wa Mvumi. Burton na Speke waliipita 1857, Stanley 1871. Watemi wa Kigogo walitoza hongo ya nguo na shanga kwa kila msafara, kwa sababu maji na chakula vilikuwa vyao. Wengi wa wapagazi wa misafara ile walikuwa Wanyamwezi huru, watu wa kazi, waliojadili ujira na kugoma walipopunjwa. Kwa hiyo picha ya filamu, ya kila msafara kuwa mstari wa watumwa wenye pembe za ndovu mabegani, si ya kweli. Lakini watumwa walikuwepo, katikati ya watu huru, wakinywa maji ya visima vilevile. Na Wagogo wengine, wenye pembe za ndovu na ng'ombe, walinunua watu kutoka misafara hiyo.

Hilo la mwisho sikuwahi kulisikia nyumbani.

*

Babu alinikalisha nje, chini ya mbuyu, baada ya bibi kwenda sokoni. Alianza mbali, kama wanavyoanza wazee: mvua, bei ya uwele, nani amefariki. Kisha akasema, "Bibi yangu mimi hakuwa Mgogo."

Aliletwa akiwa mtoto, miaka ya 1880, na msafara uliotoka magharibi. Alikuwa mgonjwa wa kuhara, hawezi tena kutembea. Mwenye msafara aliona hatafika pwani akiwa hai, akamuacha kwa mwenye tembe mmoja kwa mbuzi wawili na kibuyu cha asali. Alipona. Alichunga, alitwanga, alikua. Mwana wa mwenye tembe alimchukua kuwa mke. Babu alimkumbuka akiwa kikongwe, mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, aliyevaa shanga nyingi shingoni kuliko wanawake wote wa kitongoji, mistari juu ya mistari, nyeupe na nyekundu, hata akilala. Siku alipofariki, mwaka 1948, babu akiwa na miaka kumi, wanawake walimvua shanga ili wamwoshe. Mtoto alichungulia. Chini ya shanga ngozi ya shingo ilikuwa na mstari mgumu, unaong'aa, kama ngozi ya ng'ombe mahali nira ilipokaa.

"Ndilo kongwa," babu alisema. "Nililiona kwa macho yangu. Lilikuwa limeondoka, na lilikuwa bado lipo."

Nikamwambia nilichokisoma. Kwamba makongwa walivishwa wanaume wazima. Kwamba mtoto wa kike wa miaka ile alifungwa kamba ya ngozi, au mnyororo mwepesi pamoja na wenzake. Nilimwambia kwa sauti ya mwanafunzi aliyepata alama nzuri. Babu alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia mikono yake.

"Basi iwe kamba," alisema. "Wewe umesoma. Lakini ilikaa shingoni, au haikukaa?"

Ilikaa. Nina aibu na mazungumzo yale mpaka leo. Bado naamini nilikuwa sahihi kuhusu kamba, na bado naamini kwamba kuwa sahihi hakukuwa na faida yoyote kwake mchana ule.

Kisha akanipa sharti: nisiandike akiwa hai. Pale kijijini bado wapo wazee wanaojua ukoo gani ulinunua na ukoo gani ulinunuliwa. Hawasemi, mpaka siku ya ugomvi wa shamba. Hapo ndipo mtu hukumbushwa kwamba bibi yake alibadilishwa kwa mbuzi.

*

Nikaanza kuyapanga maisha ya yule bibi sambamba na sheria, ili nijue ni siku gani alikuwa huru.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, kabla hajakamatwa. Mwaka 1876 Sultani Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Basi hata safari yake yenyewe ilikuwa haramu kisheria, na ilifanyika. Utumwa ulipofutwa Zanzibar 1897, amri iliwaacha masuria nje mpaka 1909, kwa hoja kwamba wale ni watu wa nyumbani. Huku bara Wajerumani hawakuufuta kabisa. Walitoa hati za uhuru kwa mmojammoja, na kwa amri ya 1904 wakasema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Wakati huohuo wafungwa wao wenyewe walitembezwa kwenye kazi za barabara wakiwa na vyuma shingoni, wameunganishwa kwa mnyororo mmoja. Picha zipo, za Dar es Salaam na kwingineko. Waingereza ndio waliofuta utumwa Tanganyika kwa sheria ya 1922.

Kwa hiyo jibu la kisheria ni 1922. Bibi yule alikuwa amekwisha kuwa na wajukuu, na babu alikuwa na hakika kwamba hakuna aliyekwenda kumwambia.

Lakini kamba ya shingoni alivuliwa siku ileile alipoachwa kwa mbuzi wawili. Mtoto anayeharisha hafungwi, ataenda wapi? Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho kamusi haielezi. Kongwa ni la njiani. Mtu akishafika mahali ambapo hana baba, hana mjomba, hana lugha, mti hauhitajiki tena. Wenzake waliolewa kwa ng'ombe. Ng'ombe wale walikuwa na maana kubwa kuliko utajiri, kwa kuwa mume akizidi, mwanamke alirudi kwao, wazee wakakaa, mahari ikajadiliwa upya. Yeye hakuwa na ng'ombe waliotolewa wala "kwao" ya kurudi. Alimpenda mumewe? Babu alisema walicheka sana pamoja. Ninaamini. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemuuliza akiwa na njia ya kusema hapana.

Shanga alizifunga mwenyewe. Hilo babu alilisisitiza.

*

Chombo cha shingoni kina historia ndefu kuliko Ugogo. Roma ya kale ilikuwa na kola za chuma za watumwa, na kadhaa zimesalia. Iliyo maarufu zaidi ni ya karne ya 4 au ya 5, ina kibati kidogo kinachoning'inia kama cha mbwa wa mjini. Maandishi yake yanazungumza kwa nafsi ya kwanza: mimi nimetoroka, nikamate, ukinirudisha kwa bwana wangu Zoninus utapata sarafu ya dhahabu. Aliyeivaa hakuandika neno hata moja, na bado kola inasema "mimi". Huo nadhani ni ukatili wake wa ndani zaidi. Chuma kimechukua shingo, kisha kimechukua na sauti.

Kola ya wachungaji ni changa. Haimo katika Injili, ni vazi la Uingereza la karne ya 19, na wamisionari walilileta pamoja na vitabu vya nyimbo. Hapa kwetu lilikuta shingo zenye kumbukumbu. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa ukasisi Zanzibar mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni ya UMCA. Petro Kilekwa, Mbisa, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa mpaka pwani, akapandishwa jahazi, akaokolewa baharini na meli ya kivita ya Uingereza, akasomeshwa Kiungani, Zanzibar, na mwishowe akawa kasisi Nyasaland. Kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kiingereza 1937, na jina la kitabu linasema safari yote: kutoka mtoto mtumwa mpaka kasisi. Mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa dayosisi yetu ya Central Tanganyika, Mtanganyika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Babu alikuwa na miaka 17. Alisema siku alipomwona Mwafrika mwenye kola ile ndipo alipojua anataka kuwa nani.

Nilimuuliza mchana ule, chini ya mbuyu, kwa nini mjukuu wa mwanamke yule avae kitu shingoni na kukiita kongwa. Alinijibu kwa kisa.

Buigiri ina shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa 1950. Siku moja, akiwa amepewa ukasisi karibuni, alikwenda kusalimia huko. Mtoto mmoja mdogo alimshika uso ili amjue, mikono ikashuka mpaka shingoni, ikakuta kola. Akaizungusha vidole mpaka nyuma. Akauliza, "Nani amekufunga?"

"Nilitaka kumpa jibu la kichungaji," babu alisema. "Paulo, mtumwa wa Kristo, na mengine. Nikaona hapana. Nikamwambia, nimejifunga mwenyewe. Akauliza tena, na kufungua? Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kishikizo. Akafungua. Akacheka, akanifunga tena."

*

Nadhani ningeishia hapo kama si rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja.

Tulikutana mgahawani Dodoma mjini, miaka michache baada ya babu kufariki. Alikuwa amevaa shingoni mkanda mwembamba wa ngozi nyeusi wenye pete ndogo ya chuma mbele. Nilidhani ni urembo. Tukiwa tumebaki wawili aliniambia ni kola, amevishwa na mpenzi wake, na ina maana. Katika uhusiano wao mmoja anaongoza na mwingine anatii, kwa makubaliano. Walikaa mezani kwa wiki kadhaa wakaandika nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Kuna neno ambalo yeye akilitamka kila kitu kinasimama papo hapo, bila maelezo. Kola ndiyo alama, kama pete kwa wengine.

Baadaye nilisoma asili yake. Desturi hiyo ilikulia kwenye vilabu vya Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vya wanaume waliovaa ngozi na kupanda pikipiki, ikaenea kwa watu wa kila aina. Wana ngazi: kola ya kufikiriana, kola ya mafunzo, na ile ya mwisho inayovishwa mbele ya mashahidi, karibu na harusi. Anayevishwa ndiye mwenye haki ya kuirudisha.

Lakini siku ile sikuwa nimesoma chochote. Nilikasirika. Nilimwambia habari ya mstari shingoni mwa yule bibi. Nilimwambia kuhusu mnara wa Mkunazini, Zanzibar, pale lilipokuwa soko: ile kazi ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs, ya watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, uso wa kila mmoja ukiangalia kwake. Nilimuuliza anawezaje, yeye mtoto wa nchi hii, kuifanya ile kuwa mchezo wa chumbani. Sauti ilipanda, mhudumu akageuka.

Hakujitetea. Aliinua mkono mmoja, akagusa nyuma ya shingo, mkanda ukaanguka mezani kati ya vikombe vya chai. Haikuchukua hata sekunde mbili.

"Na wewe," alisema, "ule mkufu ulikuchukua muda gani?"

*

Mkufu wangu ulikuwa wa dhahabu, na ulikuwa wa heshima. Nilivishwa sebuleni kwetu, mbele ya wazee wa pande mbili, na mwanamume ambaye nilikuwa nimemkubali kwa namna ambayo wasichana wengi wanaielewa: hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyeniuliza. Wazee walikuwa wamekwisha kuzungumza, ng'ombe walikuwa wamekwisha kutajwa, mama alikuwa amekwisha kulia kwa furaha. Nikainamisha shingo. Watu wakapiga vigelegele.

Kuuvua kulinichukua miezi kumi na moja. Kulihitaji vikao viwili, shangazi aliyesafiri kutoka Mpwapwa, na maneno niliyoambiwa ambayo sitayarudia hapa. Kishikizo chake kilikuwa kidogo kuliko cha mkanda wa rafiki yangu. Sikuweza kukifikia.

Sisemi kwamba uchumba ni utumwa. Yule bibi aliyeachwa kwa mbuzi wawili angenicheka, na angekuwa na haki. Mimi nilikuwa na "kwao". Nilikuwa na shangazi mwenye nauli. Wala sisemi mkanda wa ngozi ni salama kwa kuwa kuna makubaliano mezani, maana mtu anaweza kuandikiana na mwenzake kurasa kumi na bado akaogopa kulitamka lile neno moja, hasa kama kodi ya nyumba inalipwa na anayemtii. Rafiki yangu alikubali hoja hiyo. Alisema ndiyo maana analipa kodi yake mwenyewe.

Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimekitazama chombo muda wote, mti, chuma, plastiki, dhahabu, ngozi, nikitafuta maana ndani yake. Mtoto wa shule ya wasioona, ambaye hakuweza kukitazama, aliuliza maswali mawili tu, nayo yalitosha. Nani amefunga? Na kufungua? La pili ndilo gumu. Mtu anaweza kujifunga mwenyewe kwa hiari kamili na siku moja akute kishikizo kimehamia mkononi mwa mwingine.

Kiswahili kililijua hili kabla yetu. Mtu mkaidi tunasema ana shingo ngumu. Na anayekubali jambo bila kulitaka, tunasema amekubali shingo upande. Kila ninaposikia msemo huo sasa namwona mtu ambaye kichwa kimekwisha kuitikia, na shingo peke yake ndiyo inayoendelea kusema ukweli.

*

Babu alifariki 2014. Nimesubiri zaidi ya alivyoagiza, kwa sababu babu mwenyewe hakuwa peke yake katika habari hii. Kabla ya kuandika nilikwenda Buigiri kumuomba ruhusa baba yangu mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nilimsomea rasimu yote uani, jua likizama. Alisikiliza akichokonoa ardhi kwa fimbo.

"Andika," alisema mwishowe. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nilimwangalia. Alikuwa amegeuza uso, anatazama zizi.

"Baba, hiyo ni ndiyo kweli?"

Hakujibu. Tukaenda kula. Nikarudi Dodoma, nikaiweka rasimu kando kwa mwaka mzima. Kisha alinipigia yeye, asubuhi, mimi niko kwenye daladala. Alisema amezungumza na nduguze, na wana sharti moja: jina la ukoo lisitokee, wala la aliyenunua, kwa kuwa watoto wa pande zote mbili wanasoma darasa moja. Nilikubali. Akasema basi, sasa andika, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.

Aliongeza kwamba kola za babu bado zipo, zimetundikwa kwenye msumari ule ule nyuma ya mlango wa chumba, pale alipozitundika kila Jumapili jioni akishavua, kabla hajaketi kula. Waliuliza kama nazitaka. Nilisema waziache palepale.